Phuket, Julai 2021: kisiwa kilichofunguliwa peke yake

Mwaka 2019 Thailand ilipokea wageni wa kigeni wapatao milioni 40. Mwaka 2021 walioingia hawakufika nusu milioni. Dunia nzima ilianguka wakati huo: kwa hesabu za Shirika la Utalii Duniani, safari za watalii kuvuka mipaka zilishuka kutoka bilioni 1.46 mwaka 2019 hadi milioni 400 hivi mwaka 2020. Lakini nchi chache zilikuwa zimeegemea utalii kama Thailand, ambako hoteli, usafiri, mikahawa na biashara zote zinazozunguka mgeni zilibeba karibu moja ya tano ya uchumi. Na ndani ya Thailand, kisiwa cha Phuket katika Bahari ya Andaman kilikuwa hakina pa kukimbilia. Zamani kilikuwa na migodi ya bati na mashamba ya mpira, lakini kufikia 2019 karibu kila familia pale ilikula kwa mgeni, moja kwa moja au kwa mzunguko.

Tarehe 1 Julai 2021 kisiwa hicho kilifunguliwa kwa wageni waliochanjwa, bila karantini, huku sehemu nyingine za nchi zikiwa bado zinamdai mgeni karantini. Mpango uliitwa Phuket Sandbox. Nimeuchagua kwa sababu unaonyesha kwa karibu jambo ambalo takwimu za dunia zinalifunika. Hamu ya kusafiri ilikuwepo muda wote wa janga. Kilichowashinda watu ni kutoka nyumbani bila kujua kitakachowapata njiani, na kwa maoni yangu Phuket ilifaulu pale ilipomwondolea mgeni wasiwasi huo, ikakwama kila pale ilipouongeza.

Kabla ya Julai

Thailand ndiyo nchi ya kwanza nje ya China kuthibitisha mgonjwa wa UVIKO-19, tarehe 13 Januari 2020. Alikuwa msafiri aliyetoka Wuhan. Haikuwa ajabu, kwani Wachina walikuwa milioni 11 kati ya wale wageni milioni 40. Kabla mwezi haujaisha, China ilisitisha safari za makundi kwenda nje, na kuanzia tarehe 4 Aprili Thailand yenyewe ikapiga marufuku ndege za abiria kutoka nchi za nje.

Phuket ilikuwa imewahi kupigwa vibaya. Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 ilisomba maduka na hoteli za ufukweni, na watu wakafa kwa maelfu katika pwani ile ya Andaman. Baada ya msiba ule kulikuwa na kazi ya kufanya: kufukia, kujenga, kupaka rangi, kuwaambia wageni kwamba vyumba viko tayari. Mwaka 2020 vyumba vilikuwa tayari vyote na hakuna mtu aliyeruhusiwa kulala ndani yake. Nadhani hii ndiyo sababu viongozi wa biashara wa kisiwa kile walikuwa wa kwanza kudai njia ya kufungua. Uzoefu waliokuwa nao wa kujikwamua haukuwasaidia chochote mbele ya virusi.

Serikali ilijaribu kwanza watalii wa ndani. Julai 2020 ilianza kulipia asilimia 40 ya bei ya chumba, hadi baht 3,000 (baht ni sarafu ya Thailand) kwa usiku, kwa Mthai yeyote aliyekwenda kutembea nje ya mkoa wake. Watu waliitikia, ila walisafiri kwa namna ya wakati ule wa janga: kwa gari la familia, saa mbili au tatu kutoka nyumbani, Ijumaa hadi Jumapili, wakiwa na uhakika kwamba hali ikichafuka watarudi usiku uleule. Hua Hin na Pattaya, zilizo karibu na Bangkok, zilipata ahueni. Phuket iko zaidi ya kilomita 800 kusini, na hoteli zake zilipangwa kwa ajili ya mtu anayekaa wiki nzima na kulipa kwa dola. Ruzuku haikuweza kuifupisha barabara.

Mwezi Oktoba ukaja mpango wa pili, viza maalumu ya kukaa miezi mitatu na kuirefusha. Sharti lilikuwa karantini ya siku 14 chumbani. Waliokuja walikuwa wachache sana. Mwanzoni mwa 2021 kundi la wacheza gofu kutoka Korea Kusini liliruhusiwa kufanya karantini yao ndani ya viwanja vya gofu, na jambo hilo lilichekwa kidogo magazetini. Mimi naona lilikuwa na funzo zito kuliko lilivyochukuliwa, maana lilionyesha kwamba mgeni yuko radhi kuwekewa mpaka, mradi ndani ya mpaka huo awe na kitu cha kufanya.

Mgeni alivyopita

Tuuchukue mpango kama ulivyomkabili msafiri mmoja wa Julai 2021.

Kwanza alipaswa kutoka katika nchi iliyo kwenye orodha iliyoidhinishwa, na awe amekaa huko siku 21. Awe amekamilisha chanjo. Awe na bima ya kufikia dola 100,000 za Marekani. Awe amelipia hoteli yenye cheti kiitwacho SHA Plus, ambacho hoteli ilikipata ikiwa angalau asilimia 70 ya wafanyakazi wake wamechanjwa. Hoteli nayo ilimtolea hati ya kuthibitisha kwamba malipo yamepokelewa, na bila hati hiyo ubalozi haukumpa cheti cha kuingia nchini. Vipimo vitatu vya PCR vililipiwa kabla ya kupanda ndege, kwa baht 8,000. Ndege ilipaswa kutua Phuket moja kwa moja.

Akishuka uwanjani, alichukuliwa sampuli ya kwanza, akapakizwa kwenye gari lililosajiliwa, akapelekwa hotelini na kubaki chumbani hadi majibu yatoke. Majibu yakiwa safi, mlango ulifunguliwa. Aliweza kukodi pikipiki, kwenda ufukweni, kula nje, kuzunguka kisiwa chote, ila usiku arudi hoteli ileile. Kati ya siku ya sita na ya saba kipimo cha pili, ya kumi na mbili na kumi na tatu cha tatu. Baada ya siku 14 alikuwa huru kwenda popote Thailand. Akitaka kuondoka mapema, ilimpasa kutoka nje ya nchi kabisa.

Karatasi zote hizo zinachosha hata kuzisoma. Hata hivyo watu walizijaza, na hapa ndipo panaponifanya niamini hoja yangu. Kila hatua ilikuwa na jibu linalojulikana mapema: gharama hii, siku hii, kituo hiki. Mtu anaweza kuvumilia usumbufu mwingi anapojua mwisho wake. Sehemu moja tu ya mpango haikuwa na jibu la namna hiyo, nayo ni suala la nani atafungiwa mwenzake akipatikana na maambukizi. Wiki ya kwanza haikuisha kabla ya mgeni mmoja kukutwa na virusi, na waliosafiri naye wakapelekwa karantini ingawa wao vipimo vyao vilikuwa safi. Kwa upande wa afya ilikuwa hatua ya kawaida. Kwa mtu aliyekuwa Frankfurt au Tel Aviv akijiandaa kulipa, ilikuwa na maana kwamba kuketi kwenye ndege karibu na mtu asiyemjua kungeweza kumnyang'anya likizo yake yote. Viwango vya maambukizi kati ya wageni vilibaki chini sana, takribani watu watatu kwa kila elfu. Lakini msafiri hapimi hatari kwa wastani. Anajiuliza, je, nikiwa mimi?

Ukuta kutoka pande mbili

Mwezi uleule wa ufunguzi, wimbi la kirusi cha Delta lilikuwa linaifagia Thailand. Visa vipya vya kila siku vilipanda kutoka elfu tano na kitu hadi zaidi ya 18,000 mwishoni mwa Julai. Bangkok iliwekewa marufuku ya kutoka usiku, na baadaye mwezi huo ndege za ndani kutoka mji mkuu zikasimama. Tarehe 3 Agosti Phuket iliwafungia milango Wathai kutoka mikoa mingine. Kwa muda, kisiwa kikawa wazi kwa mtu wa Dubai na kimefungwa kwa mtu wa Bangkok.

Hili liliwauma Wathai wengi, na nawaelewa. Chanjo zilikuwa haba. Siku Sandbox inaanza, chini ya Mthai mmoja kati ya kumi alikuwa amekamilisha dozi zake, ilhali wakazi wa Phuket walichanjwa kwa haraka ili wafikie asilimia 70 kabla ya ufunguzi. Dozi hizo zilitoka kwenye akiba ileile ambayo wazee wa mikoa mingine walikuwa wakiisubiri. Serikali ilitetea uamuzi kwa hoja ya uchumi, na hoja hiyo ina uzito, lakini haikuwahi kuelezwa kwa uwazi unaostahili jambo zito kiasi hicho.

Ukuta wa pili ulijengwa mbali. Mwishoni mwa Agosti Uingereza iliiweka Thailand kwenye orodha yake nyekundu ya nchi zenye hatari ya maambukizi. Mwingereza aliyekuwa amejilaza kwenye ufukwe wa Kata kisiwani Phuket akawa na siku chache za kurudi kwao, la sivyo alipe pauni 2,285 kwa siku kumi za karantini ya hoteli nchini mwake. Phuket haikuwa imebadilisha kanuni hata moja. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu wapangaji wa utalii hulisahau: safari ina milango miwili, wa kuingia na wa kurudia, na wakati wa janga mlango wa kurudia ndio uliokuwa na kitasa kibovu. Kisiwa kinaweza kupanga kila kitu vizuri na bado kikaharibiwa na tangazo linalotolewa London saa za jioni.

Idadi na usiku

Mwezi wa kwanza waliingia wageni zaidi ya 14,000. Mamlaka ya utalii ilikuwa imelenga 100,000 kwa miezi mitatu, na hadi mwisho wa Septemba hata nusu haikufikiwa. Kwa kipimo hicho, magazeti mengi yaliuita mpango umeshindwa.

Mimi nasoma hesabu hizo kwa njia nyingine. Kabla ya janga mgeni wa kawaida alikaa Thailand siku tisa hivi, tena akizigawa kati ya miji miwili au mitatu. Wageni wa Sandbox walilazimika kubaki kisiwa kimoja hadi usiku 14. Wageni 14,000 wa namna hiyo ni karibu usiku 200,000 wa hoteli, jambo lenye uzito tofauti kabisa na wageni 14,000 wa kifurushi cha siku nne. Sharti lililowekwa kwa ajili ya afya lilizaa aina ya safari ambayo Phuket haikuwa imeizoea: mtu anayefika, anafungua kompyuta yake, anafanya kazi asubuhi, anajua jina la mwenye duka la kufulia nguo. Baadhi walikuwa Wathai na wenza wao wakipitia kisiwani njiani kwenda kwao, wakiona afadhali wiki mbili za bahari kuliko wiki mbili za chumba Bangkok. Lakini wengine walirefusha wenyewe, hata baada ya sharti kupunguzwa kuwa siku saba tarehe 1 Oktoba.

Tarehe 1 Novemba nchi ilifungua njia pana zaidi kwa nchi 63: kipimo kimoja, usiku mmoja wa kusubiri, basi. Desemba 22, kirusi cha Omicron kilipoanza kuenea, njia hiyo ilisimamishwa ghafla, na Sandbox ya Phuket ikabaki wazi. Waliokuwa wamelipia Bangkok walihangaika. Waliokuwa wamepanga Phuket waliendelea na safari zao. Kanuni ngumu isiyobadilika iliwafaa watu kuliko kanuni nyepesi inayoweza kufutwa kwa tangazo la jioni moja.

Tabia hiyo ya kuogopa kufungwa na malipo ilionekana kila mahali. Watu waliacha kulipia miezi sita mbele, wakaanza kuweka nafasi wiki moja kabla, na kuuliza habari ya kurudishiwa fedha kabla ya kuuliza bei. Mashirika ya ndege yalilisikia hilo: Agosti 2020 United ilifuta ada ya kubadili tiketi kwa safari za ndani ya Marekani, mashirika ya Delta na American yakafuata mara moja.

Waliobaki gizani

Wakati wageni wa kwanza wanashuka, barabara ya Bangla katika mji wa Patong kisiwani, iliyokuwa na baa bega kwa bega, ilikuwa na giza. Baa na kumbi za starehe zilikuwa zimefungwa kwa amri ya afya. Fedha za Sandbox ziliingia kupitia mlango mmoja, hoteli yenye cheti, na kwa kuwa hati zote zilidai malipo yafanyike kabla ya safari, sehemu kubwa ya bajeti ya mgeni ilikuwa imeshatumika kabla hajaona muuza maembe. Mwenye mashua ya mkia mrefu, mkandaji wa ufukweni, mshona suti, fundi wa pikipiki za kukodi, hawa walisubiri makombo.

Wengi wao hawakuwepo tena kisiwani. Wafanyakazi wa Phuket hutoka mikoa mingine, hasa Isan huko kaskazini mashariki, na mwaka 2020 walirudi kwao kulima. Walioajiriwa rasmi walilipwa na mfuko wa hifadhi ya jamii asilimia 62 ya mshahara kwa siku 90. Wasio rasmi walipewa baht 5,000 kwa mwezi, kwa miezi mitatu. Sandbox ilianza mwaka mmoja baada ya misaada hiyo kuisha. Naliona hili kuwa kosa kubwa kuliko yote ya mpango: ulifikiria kila kona ya safari ya mgeni, toka ubalozini hadi kitandani, na kwa mtu wa kisiwa aliyejiajiri ukaacha mambo yajipange yenyewe. Hoteli zilipojaa tena mwaka 2022 zililalamika kwamba hazipati wapishi na wahudumu. Ziliwaacha waende, na wengine walikuwa wamepata maisha mengine.

Bahari ikapumzika

Kati ya Novemba 2019 na Aprili 2020, viota 11 vya kasa wa ngozi vilihesabiwa katika fukwe za eneo hilo, idadi kubwa kuliko miaka 20 iliyotangulia. Kasa huyu hutaka ufuo wenye giza na utulivu, na katika miezi ya mwisho ya msimu huo janga lilimpa vyote viwili.

Ghuba ya Maya, kwenye visiwa vya Phi Phi ambako boti za Phuket huenda kila siku, ilikuwa imefungwa tangu Juni 2018, kabla ya janga, baada ya miaka ya watu elfu tano na zaidi kwa siku kukanyaga matumbawe. Ilifunguliwa tena tarehe 1 Januari 2022 kwa masharti: watu 375 kwa zamu, boti zishushe upande wa nyuma wa kisiwa, na kuogelea marufuku mwanzoni. Papa wenye ncha nyeusi walikuwa wamerudi kwenye maji ya kina kifupi. Sidhani masharti hayo yangekubalika kirahisi 2019, pale kila mwenye boti alipokuwa akigombania abiria. Miaka miwili ya kuzoea vikomo vya idadi na saa za kupangiwa iliwafanya wageni na waendesha boti wayapokee bila kelele nyingi.

Kilichobaki

Masharti mengi ya kuingia yalifutwa tarehe 1 Julai 2022, mwaka mmoja kamili baada ya Sandbox kuanza. Mwaka huo waliingia wageni milioni 11, mwaka 2023 milioni 28, na 2024 milioni 35.5. Wachina walirudi polepole, milioni 3.5 tu mwaka 2023 ingawa waliondolewa viza mwezi Septemba, na wengi wa waliorudi walisafiri kivyao badala ya kuja kwa basi la kundi. Warusi walijaa Phuket, wakapanga nyumba kwa miezi. Hapo inafaa kuwa mwangalifu: vita vya Ukraine vya tangu Februari 2022 vilisukuma wengi wao, na si haki kuyaweka yote mgongoni mwa janga. Ila mgeni wa kukaa muda mrefu alikuta kisiwa kimeshajifunza kumpokea, chenye intaneti ya kutosha, vyumba vya mwezi na ofisi za kukodi kwa siku.

Serikali nayo ilisoma dalili. Julai 2024 ilianzisha viza ya miaka mitano kwa wanaofanya kazi kwa mbali, siku 180 kila unapoingia, kwa anayeweza kuonyesha akiba ya baht 500,000. Wakati huohuo iliongeza nchi zisizohitaji viza hadi 93, kwa siku 60. Sera ya kwanza ilimtafuta anayekaa na ya pili ilisaka wingi, na kisiwa chenye ukubwa wa kilomita za mraba 550 hivi hakiwezi kubeba zote mbili kwa kasi ileile. Kufikia 2024 Phuket ilikuwa inazalisha zaidi ya tani 1,000 za taka kwa siku, wakati tanuri lake la kuteketezea lilijengwa kwa ajili ya tani 700.

Ningekuwa mshauri wa kisiwa kingine kinachoandika mpango wake kabla janga jipya halijaja, ningeanza na mambo mawili tu. Kanuni ya atakayefungiwa kwa sababu ya mwenzake iandikwe kwa lugha ambayo mgeni ataisoma kabla ya kulipa, pamoja na nani atagharamia siku hizo, na isibadilishwe kwa aliyekwisha kulipa. Na kila usiku wa hoteli utozwe kiasi kidogo, tangu mgeni wa kwanza, kiingie kwenye mfuko wa wenye mashua, wakandaji na wauza matunda waliosajiliwa. Mfumo wa malipo ya mapema ulikuwepo Phuket mwaka 2021 na ulijua idadi ya usiku uliolipiwa hata kabla ndege haijatua. Kilichohitajika kilikuwa safu moja zaidi kwenye hesabu hiyo.